Nyumba ya Mwanasesere Ianzie Nje

Wanachuo wengi, wakiwaongoza watoto kuunda nyumba ya mwanasesere kwa boksi, hukimbilia vitanda na viti. Nje hupakwa rangi, basi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Sura ya nje ndiyo imfundishayo mtoto kutazama na kupima.

Tuchukue nyumba ya pwani ya miti na udongo. Kabla ya kushika mkasi, watoto waende wakaipime. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, mlango wa mita 2 utakuwa sentimita 10, na baraza lenye kimo cha sentimita 40 litakuwa sentimita 2. Ukuta upakwe gundi, kisha unyunyiziwe mchanga mwembamba. Makuti yawe vipande vya majani makavu, yakianzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika iliyo chini yake. Hapo mtoto atatambua kwa nini mvua haipenyi.

Mwalimu asimfanyie mtoto kazi hiyo. Mlango uliopinda, alioupima mwenyewe, una elimu kubwa kuliko mlango mzuri uliokatwa na mwalimu.