Mkubwa Anayeomba Kurudi kwa Vyombo Vyake

Leo ukurasa huu hausemi juu ya malaria wala juu ya maji ya kunywa. Unasema juu ya neno moja linalotembea katika kambi haraka kuliko gari linalobeba ekipe ya usiku: "Bamemushusha." Mtu alikuwa mkubwa wa ekipe, alikuwa na biro, meza na funguo za depo. Asubuhi moja anaonekana amevaa tena salopeti, na sanduku la vyombo mkononi. Kabla ya jua kulala kila bomba la maji limepata habari ile, na kila mtu amekwisha kukata sababu yake: ameiba, amelewa kazini, amegombana na wakubwa.

Mara nyingine ni kweli, aliadhibiwa. Siandiki juu ya yule. Ninaandika juu ya yule aliyeomba mwenyewe, kwa barua, arudi kwa kazi ya mikono yake. Watu wa namna hiyo wako kati yetu, si wengi, na mimi ninaona tunawatendea vibaya mara mbili. Kwanza tunawacheka. Kisha tunawaacha warudi kwenye mashini bila kuwatayarisha, kama mtu anayerudi kwake baada ya safari ya siku mbili. Jambo hili la pili ndilo linaloniogopesha zaidi.

Tuangalie kwanza juu ya nini mtu anapanda. Katika kazi za mgodi, tangu zamani za makapita, fundi mzuri anaonekana upesi, na zawadi yake ni moja tu: kupewa watu wa kusimamia. Toka fundi mpaka metrizi, toka metrizi mpaka kadre, ngazi ni ile moja. Mshahara unafuata ngazi ile, nyumba yenye vyumba zaidi inafuata, na heshima mbele ya wakwe inafuata. Kwa hiyo mtu aliyejua kusikia kwa sikio tu kwamba rulema ya moteri inaanza kufa, anapewa karatasi: orodha ya waliokosa kazi, ripoti ya mwezi, bon za kuomba vipande visivyofika, na maneno ya watu wawili wanaogombana juu ya zamu ya usiku. Wengine wanaiweza kazi hiyo vizuri. Mkubwa mzuri wa ekipe anaokoa watu wengi kuliko sisi wa dispanseri, kwa sababu yeye anazuia ajali, nasi tunashona tu kidonda. Lakini kusimamia watu ni ufundi mwingine kabisa, na hakuna aliyeupata kwa kushika funguo za boloni miaka 10.

Kwetu dispanseri wanafika. Huyu analalamika tumbo linamwaka, yule halali, mwingine anataka dawa ya kichwa kila wiki. Ninapima tansio, ninakuta 160 juu ya 100. Sisemi kwamba cheo ndicho kinacholeta tansio. Chumvi, unene, pombe, uzazi na miaka ya mtu, vyote vinaingia. Na yule anayefikiri akiacha biro ataacha na vidonge vyake, ajue hapana: dawa za tansio haziachwi bila kuuliza muganga. Lakini ninaona pia mtu anayekaa kutwa nzima, anayekula usiku, anayeamka saa 9 usiku kufikiri atamwambia nini mkubwa wake juu ya hesabu ya tani. Mtu huyu akisema, "Nilikuwa vizuri nilipokuwa na vyombo," simjibu kwamba ni uvivu.

Mama mmoja alikuja kwetu akiwa amefunga kitambaa mpaka kwenye macho, watu wasimtambue. Bwana wake, fundi wa umeme wa pompi, alikuwa mkubwa miaka 7, na sasa ameandika barua ya kurudi chini.

"Munganga," akaniambia, "unifasirie. Ni ugonjwa wa kichwa?"

"Mama, anakula? Analala?"

"Tangu aandike ile barua, analala kama mtoto."

"Basi, mama, ugonjwa uko wapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno la kweli: "Ugonjwa ni majirani." Sikuwa na dawa ya majirani, na mpaka leo haijaletwa katika depo yetu.

Wanaocheka fundi anayerudi wakumbuke mgodi unaishi kwa nini. Mgodi wa Kipushi ulisimamisha uchimbaji katika mwaka 1993. Watu walipoacha kuchimba, maji hayakuacha kuingia, na kwa hiyo ilibidi pompi zitumike siku zote. Katika mwaka 2011 pompi kubwa za chini zilikatala, maji yakapanda mamia ya meta ndani ya shimo. Kazi ya kuyarudisha chini iliendelea mpaka 2013, na mgodi haukuanza tena kutoa mali mpaka 2024. Kwa Gécamines, katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi 10.655 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na kati yao walikuwa wazee waliojua kila bomba na kila nyaya kwa majina. Ujuzi wa namna ile haununuliwi dukani. Fundi mwenye miaka 45 anayetaka kurudi kwenye pompi, vijana wakiwa kando yake, ni mali. Mimi ningemshukuru.

Lakini kumshukuru si kumpa sanduku na kumwambia, "Unajua njia." Njia anaijua. Mwili wake ndio uliosahau.

Chukua joto. Mtu aliyekaa biro mwili wake umepoteza desturi ya joto. Desturi ile inapotea upesi, hata kwa majuma machache tu. Kuipata tena kunaomba siku 7 mpaka 14. Aliyekaa mbali miaka ahesabiwe kama mpya: siku ya kwanza asipite sehemu 1 katika 5 za zamu yake mahali pa joto, na kila siku aongezewe sehemu nyingine kama ile. Anayemeza vidonge vya tansio vya kukojolesha atuambie mbele, kwa sababu vidonge vile na jasho jingi pamoja vinaweza kumwangusha.

Chukua macho. Baada ya miaka 40 karibu kila mtu anaanza kusoma karatasi akiwa ameinyoosha mkono. Katika biro hakuna ubaya. Chini, mwanga wa taa ya kaske ukiwa kidogo, mtu anayekosea namba moja kwenye sanduku la umeme anafungua mashini isiyo yake. Miwani ya kusomea ni chombo cha kazi sawa na bisibisi.

Masikio tunayapima kabla, si kwa kumwondoa mtu, ila kwa kujua alianza na nini. Sikio lililokufa kwa kelele halifufuki. Kipimo ni desibeli 85 kwa saa 8. Bila mashini ya kupimia, shika hivi: ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako wa meta 1 akusikie, ziba masikio. Kwa kifua tunaomba picha. Vumbi la jiwe linalofika ndani ya mapafu ni lile usiloliona kwa macho, na silikosi inakuja kimya, mara nyingi baada ya miaka 10 au zaidi. Kabla sijasahau: mabwana wa biro wanapenda kufuga ndevu. Masiki haishiki juu ya ndevu, vumbi linapita pembeni. Anayerudi chini anyoe.

Mambo hayo yote tunaweza kuyapima. Kuna moja ambalo hakuna mashini ya kulipima, nalo ni heshima.

Angalia namna inavyotokea. Baba huyu alikuwa mkubwa. Mkubwa wa ekipe wa leo ni kijana aliyefundishwa naye. Labda alimpa kaske yake ya kwanza. Wanafika mbele ya pompi. Desturi ni hii: umeme unakatwa, kila mtu anayegusa mashini anaweka kadena yake mwenyewe kwenye sanduku, ufunguo unakaa katika mfuko wake mwenyewe, kisha fundi anapima kwamba umeme umekwisha kweli, ndipo mkono unaingia. Baba mzima anainama, anasema, "Nimekwisha kuangalia, tuanze." Kadena yake haiko. Nani atamwuliza? Kijana amelelewa vizuri, hamkosoi mkubwa mbele ya watu. Vijana wengine wawili wanafikiri kama mzee amesema, basi imekwisha. Na mzee mwenyewe hakusema uongo. Miaka 7 alizoea kusema, "Kateni," na watu wakakata. Mkono wake umezoea kutoa amri, umesahau kuweka kadena.

Hapa heshima yetu, ambayo ni kitu kizuri nyumbani, inaweza kutuletea maiti. Na iko hatari nyingine ndugu yake: ekipe yenye vichwa viwili. Mkubwa mpya anasema ngojeni, mkubwa wa zamani anakohoa tu, na watu wanaanza kazi.

Kwa maoni yangu, siku ya kwanza, mbele ya ekipe nzima, mkubwa wa sehemu aseme waziwazi nani anaamuru. Na mzee mwenyewe aseme kwa kinywa chake: "Mkiniona bila kadena, nisimamisheni." Akisema yeye, kijana amepewa ruhusa, hakosi adabu. Kisha apite mafundisho yote ya usalama kama mtu aliyeajiriwa jana, bila kufupishiwa, kwa sababu nyaya zimebadilishwa, masanduku yamehamishwa, na alama alizozijua labda hazipo tena. Majuma ya kwanza asitumike peke yake. Nimesikia watu wakisema kwamba ni aibu kumrudisha mzee darasani. Mimi nasema aibu ni kumpeleka akajifunze tena kwa mkono wake.

Nyumbani pia kuna mabadiliko. Mama, bwana wako alikuwa akirudi na shati safi, sasa atarudi na vumbi. Salopeti isikung'utwe ndani ya nyumba wala mbele ya mtoto anayekohoa. Ilowekwe kwanza katika maji, ifuliwe mbali na nguo za watoto. Penye bafu ya kazini, aoge na abadilishe nguo kule. Vumbi la kobalti linaweza kuleta vipele kwa ngozi na pumu kwa wengine. Akiona mikono inawasha au kifua kinabana usiku, asingoje mwisho wa mwezi.

Sasa nifike kwenye neno gumu, falanga. Watasema, asistanti wa dispanseri anaingilia nini mambo ya mshahara? Ninaingia kwa sababu mshahara unawafanya watu wanifiche ugonjwa. Mtu anajua kwamba akiacha cheo atapoteza sehemu ya mshahara, na labda atahama nyumba. Ana watoto 6, wawili katika sekondari. Basi anabaki mkubwa, hapendi kazi, halali, anakunywa jioni, na ekipe yake inasimamiwa na mtu ambaye roho yake haipo pale. Mwingine anarudi kwa vyombo, lakini kwa kuogopa kurudishwa biro au kuondolewa, anaficha tansio na anaficha macho. Wote wawili ni hatari kwa wenzao.

Ningependa delege wetu walipeleke jambo hili kwa wakubwa: iwepo ngazi ya pili, ya ufundi, ili fundi wa juu kabisa aweze kulipwa kama mkubwa wa ekipe bila kusimamia mtu, na kwa kazi yake afundishe vijana wawili au watatu. Anayerudi asiondolewe nyumba wakati watoto wako katikati ya mwaka wa masomo. Najua jibu litakalotolewa: mkifungua mlango huo, wote watakimbia madaraka. Siamini. Nani anaacha meza, kiti na kivuli apende grisi na usiku, kama si mtu anayeipenda kazi ile kweli? Hao ni wachache, na gharama yao ni ndogo kuliko bei ya pompi moja iliyoungua kwa kukosa sikio la kuisikiliza.

Yeye aliye na barua ya namna hiyo mfukoni, apite kwetu kabla ya kuitia sahihi. Aje asubuhi kabla ya kula, tumpime na sukari. Alete miwani yake hata kama imevunjika, na kikaratasi cha dawa zote anazomeza, pamoja na zile alizopewa na shemeji.