Kofia ya Panama Haitoki Panama

Ukimwuliza mtu kofia ya Panama hutoka wapi, atakujibu bila kusita: Panama. Jawabu hilo si sahihi. Kofia hiyo nyeupe ya pama, yenye utepe mweusi na ukingo wa kukinga jua, ni kazi ya mikono ya watu wa Ecuador, huko Amerika Kusini.

Je, jina lilitoka wapi? Lilitoka sokoni. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Ecuador walizipeleka kofia zao Panama, njia panda ya wasafiri. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, maelfu ya Wamarekani walipitia hapo wakienda kuitafuta. Walizinunua kofia hizo na kuziita kwa jina la mahali walipozikuta. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alipozuru uchimbaji wa Mfereji wa Panama, alipigwa picha akiwa ameivaa. Tangu hapo jina likaganda kama ulimbo.

Kofia hii husukwa kwa nyuzi za toquilla, mmea unaofanana na mkindu. Makuti machanga hukatwa kabla hayajafunguka, huchanwa, huchemshwa, kisha huanikwa. Msukaji huanzia katikati ya utosi, akazunguka hadi ukingoni. Wengi hupendelea kusuka alfajiri au jioni, kwa kuwa hewa kavu ya mchana hukatisha nyuzi. Kofia bora kabisa za mji wa Montecristi huchukua miezi kadhaa. Ndipo hupatikana kofia nyepesi, inayopitisha hewa na kumpoza mvaaji.

Mwaka 2012 UNESCO iliutambua usukaji huu kuwa urithi wa binadamu, kwa jina la Ecuador. Heshima imerudi nyumbani, lakini mara nyingi faida kubwa huwaendea madalali na wenye maduka ya ng'ambo. Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Msukaji huyu huwasukia wengine kivuli, naye akabaki na sehemu ndogo ya bei.

Msomaji mpendwa, ukitaka kununua kofia hii, iinue kwenye mwanga uutazame utosi. Kadiri nyuzi zilivyo nyembamba na kubanana, ndivyo ilivyo bora. Ukiivaa au kuivua, shika ukingo. Ukifinya utosi, nyuzi zitakatika. Na kabla ya kulipa, muulize mwenye duka imesukwa wapi na nani.