SIMBA HANA KOSA PEKE YAKE



Wote mnamjua Simba, mbwa wa Baba Zamu. Hajatimiza bado mwaka mmoja. Juma lililopita alirukia mbwa wa Mama anayeuza mandazi mbele ya kiingilio, akamuuma sikio. Tangu siku ile maneno ni mengi katika enternati. Wengine wanasema apigwe fimbo mpaka aache. Wengine wanasema auawe. Bwana Prefe ametupa wakati mpaka mwisho wa trimestri: asipobadilika, ataondoka. Sisi wa kalasi ya sita tuko na wazo lingine.

Kwanza tuseme kweli. Nani alimfundisha tabia ile? Saa ya mapumziko, mbwa mwingine akipita barabarani, tunapiga miluzi: "Simba, kamata!" Akikimbia na kubweka tunacheka, tunamtupia ugali. Na sisi tunaochunga nidhamu ya wengine tulikuwa pale, tulicheka pia. Kumbe tulikuwa tunamlipa mshahara.

Pili, fimbo. Katika biolojia tulisoma juu ya Pavlov, Mrusi aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1904. Alionyesha kwamba mbwa anaunganisha vitu vinavyokuja pamoja: akisikia alama mara nyingi mbele ya kupewa chakula, mwishoni mate yanatoka kwa ile alama peke yake. Basi, ukimpiga Simba kila mara anapoona mbwa mwenzake, ataunganisha nini? Mbwa mwingine na maumivu. Ataogopa zaidi, na mwenye kuogopa anaweza kuuma mbele ya kuumwa. Tena fimbo inaweza kumnyamazisha tu: haungurumi tena, lakini woga unabaki ndani, na siku moja atauma bila kuonya.

Tufanye nini? Tuunganishe mbwa mwingine na kitu kizuri. Saa za mapumziko Simba afungwe kamba. Jioni wawili kati yetu watembee naye pamoja na Baba Zamu, mbali kidogo, pahali anapoona mbwa wengine bila kukasirika. Akitazama na kubaki mtulivu, apewe kichwa cha ndagala palepale. Nywele za mgongo zikisimama, mkia ukikauka, macho yakikaza, ni kusema tumekaribia mno: turudi nyuma pole pole, bila kelele. Siku kwa siku tutasogea. Kazi hii haiishi kwa juma moja.

Na mtu akiumwa, hata kidogo, asifiche. Aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Sindano inasaidia mbele ya hapo. Simba pia apate sindano yake.

Tulikwenda kumwomba Mama yule msamaha. Hakutugombeza. Alituuliza tu: "Juu ya nini hamukuja siku ile ile?" Hatukuwa na jibu.

Kuanzia Jumatatu, atakayepiga mluzi ataandikwa kwa kazi ya Jumamosi. Jina la kwanza kwenye orodha ni letu wenyewe, kwa ule mchezo wa zamani. Wanaotaka kutembea na Simba jioni waje kutuona kiisha masomo.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita