Mgonjwa wa Tezi Anaposema Bado Anachoka

"Daktari, nachoka kama niliyelima kutwa, na jembe sijalishika." Aliyeniambia hayo ni mama mmoja wa Shanwe, mjini Mpanda, akiwa amempakata mtoto wa miezi miwili. Miaka kadhaa iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kuondoa rovu, na tangu hapo humeza levothairoksini kila siku, kwa kuwa hana tena tezi ya thairoidi ya kuutengenezea mwili wake homoni hiyo. Nyumbani aliambiwa kwamba mzazi hana budi kuchoka. Kwingine alishauriwa aongeze kidonge.

Kwa maoni yangu, majibu yote mawili hayafai. La kwanza humnyamazisha mgonjwa. La pili laweza kumdhuru, maana homoni hii ikizidi huuendesha moyo mbio na kudhoofisha mifupa. Kabla ya kuuliza mgonjwa anameza dawa kiasi gani, yatupasa tuulize anaimezaje.

Nilimwomba anisimulie asubuhi yake. Huamka, hupika uji wa lishe wenye soya, akaunywa, kisha humeza vidonge vyote kwa pamoja, cha tezi na vile vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, asije akasahau. Huo ni utaratibu wa mtu makini. Hakuna aliyemweleza kuwa madini ya chuma huishika levothairoksini tumboni, isifyonzwe ipasavyo. Vidonge vya kalsiamu, dawa za kiungulia, soya na kahawa navyo huipunguzia nguvu.

Dawa hii imezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Vidonge vya damu au kalsiamu vifuate baada ya kupita muda wa saa 4. Anayewahi shambani alfajiri aweza kuimeza anapokwenda kulala, angalau saa 3 baada ya chakula cha jioni, mradi ashike utaratibu mmoja. Wala isiwekwe mahali penye joto kali, kama juu ya kabati chini ya bati, kwani joto huiharibu.

Kipimo cha damu kiitwacho TSH ndicho kinachotuonyesha kama dawa inatosha. Kwa kuwa levothairoksini hutoka mwilini polepole, hungojewa wiki 6 hadi 8 baada ya badiliko lolote ndipo kipimo kirudiwe. Kupima mapema zaidi hupotosha, na kuongeza dawa kila wiki ni kubahatisha.

TSH ya mama yule ilikuwa juu. Hatukumwongezea dawa, tulitenganisha saa za kumeza. Baada ya wiki 8 kipimo kilikuwa sawa. Uchovu ulipungua, lakini haukwisha, kwa sababu damu yake ilikuwa bado haijatosha, na mtoto alikuwa akimwamsha usiku. Hivyo tukaendelea kutibu upungufu wa damu, na mumewe akaombwa ashike zamu ya kubembeleza.

Nasisitiza jambo hili: TSH kuwa sawa si ruhusa ya kumfungia mgonjwa mlango. Malaria, kisukari, sonona na usingizi mbovu huchosha pia, na vyote vyafaa kutafutwa. Wapo hata wachache ambao vipimo vyote huwa vizuri na bado huchoka. Hao wanastahili kuambiwa ukweli huo, si kuambiwa wanajifanya.

Lipo na jambo lisilongoja. Anayetumia dawa hii akishika mimba, aende kliniki mara moja. Mahitaji yake ya homoni hupanda mapema, na katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama.

Sisi tunaoandika dawa tusitosheke na "1x1" juu ya pakiti. Tuandike saa ya kumeza, na vitu visivyomezwa pamoja nayo. Nawe msomaji, ikiwa watumia dawa hii na uchovu haukuachi, usijiongezee kidonge wala usikubali kuitwa mvivu. Rudi kliniki na dawa zako zote mkononi, za mitishamba zikiwamo, ueleze unazimeza saa ngapi na kwa chakula gani. Huenda jibu likapatikana hapo, kabla hata sindano haijatoa damu.