Jogoo na watoto wetu

Mwezi huu tena mtoto amechanwa na kucha za jogoo, karibu kabisa na jicho. Majirani wakagombana, ati jogoo ana pepo. Sisi tunasema hapana. Anachunga majike yake. Kule Masisi kuku wetu walizunguka shambani; hapa Rubavu milango imebanana, kila anayepita anaingia kwenye eneo lake. Akishusha bawa moja na kuzunguka kwa ubavu, anaonya. Ukimkimbia, kesho atarudia. Ukimpiga teke, umekubali vita. Simama, usimpe mgongo, ondoka polepole. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni, halafu dispensari, waulizeni sindano ya pepopunda. Jogoo akizidi, mwenyewe amfungie. Ama sufuria ipo.