Kilomita Si Saa

Kutoka mji wa Kitui hadi mji wa Wote, kule Makueni, ni mbali kiasi gani? Mwanafunzi atachukua atlasi na rula akupe kilomita. Dereva wa matatu atakujibu kwa saa. Wawili hawa hawabishani. Kila mmoja anapima kitu chake.

Tuanze na mwanafunzi. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, na huku kwetu karibu na ikweta digrii ya longitudo ni karibu sawa na hiyo. Ukipiga hesabu, utaona kwamba mji wa Kitui uko kama kilomita 46 kaskazini ya Wote, na kilomita 43 mashariki yake. Zidisha kila tarakimu kwa yenyewe, jumlisha, kisha utafute kipeuo cha pili: unapata kilomita 63. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 200 kwa saa ingemaliza safari hiyo kwa dakika 19 tu.

Lakini gari halina mabawa. Kati ya wilaya hizi mbili za zamani, ambazo ni kaunti tangu 2013, umelala Mto Athi. Njia ya lami iliyozoeleka huzunguka kupitia Machakos. Hata kwa rula, Kitui hadi Machakos ni kilomita 85, na Machakos hadi Wote ni 50. Jumla ni 135, zaidi ya mara mbili ya njia ya ndege, nasi bado hatujahesabu kona, matuta wala kungojea abiria stendini.

Ndege nayo ina vizuizi vyake. Weka rula kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa Moi, Mombasa. Mstari utapita karibu na Kibwezi, na urefu wake ni kama kilomita 425. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, kama nusu saa hivi ingetosha. Mbona basi tiketi huonyesha karibu saa nzima? Ni kwa sababu ndege hujikokota uwanjani, hupanda polepole, kisha hupunguza mwendo ili itue.

Kosa la kuchanganya kilomita na saa linaweza kugharimu maisha. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui. Watu zaidi ya 30 walifariki. Kuvuka mto ule ni mwendo wa dakika chache tu, lakini maji yakijaa, hakuna ramani inayoweza kukwambia utafika saa ngapi.

Kwa hivyo, mzazi, unapopanga safari ya mashambani msimu wa mvua, usiulize tu ni kilomita ngapi. Uliza njia inapita wapi, inavuka mito mingapi, na ina madaraja ya aina gani. Mto ukifurika, ngojeni upungue, hata kama harusi itaanza bila ninyi. Wahenga walisema: kawia ufike.

Nanyi wanafunzi, chukueni atlasi jioni ya leo. Pimeni kutoka nyumbani hadi kwa nyanya yenu, kisha mwulizeni baba safari hiyo huchukua saa ngapi. Tofauti mtakayoiona, ielezeni wenyewe.