Fundi wa waifai asiyejua konsoli bado ni muuzaji tu

Watu wangu, leo nitawakera kidogo. Kama unajiita fundi wa rauta na hujawahi kuingia kwa poti ya konsoli, wewe bado si fundi. Wewe ni muuzaji mwenye ngazi.

Najua mtasema, "Si siku hizi kila kitu unafanya na simu?" Sawa, hadi siku rauta ikatae. Mtu ameweka anwani ya IP vibaya, ama sheria ya faiawoli imekufungia nje, ama stima imepotea katikati ya kusasisha mfumo. Ukurasa wa kuingilia haufunguki. Kinachobaki ni ile poti imeandikwa CONSOLE. Hiyo haihitaji IP wala waifai. Inaongea na laptopu yako kwa waya, biti moja baada ya nyingine, kwa mtindo wa RS-232 uliotoka 1960. Ni mzee kuliko wazazi wetu, na bado ndiye huja kukuokoa.

Mipangilio yake ni vitu vitano tu: kasi, biti za data, pariti, biti ya kumalizia na udhibiti wa mtiririko. Rauta nyingi za Cisco huja na 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kumalizia, bila udhibiti. MikroTik zenye poti hiyo hutumia 115200. Ukikosea kasi, skrini inajaa herufi za ajabu. Rauta haijaharibika, ni vile mnaongea kwa mwendo tofauti. Ukiwasha udhibiti wa RTS/CTS na kebo yako haina hizo waya, utasoma kila kitu lakini ukiandika, kimya. PuTTY nayo huja ikiwa kwa XON/XOFF, kwa hivyo iangalie kabla ulaumu kebo.

Kasi pia ina hesabu yake. Kila herufi hubeba biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hivyo 9600 inakupa herufi 960 kwa sekunde. Kwa kuandika amri, hiyo inatosha kabisa. Lakini jaribu kutuma faili ya mfumo ya megabaiti 10 hapo: karibu saa tatu, na hiyo ni kama hakuna kilichokwama. Kwa 115200 ni kama robo saa. Ukibadilisha upande wa rauta, badilisha na wa laptopu.

Mbona nakazana hivi? Kwa sababu kuna mtu hulipia huu uvivu. Mwenye saiba anaambiwa rauta "imeungua", anunue nyingine, na shida ni nywila iliyosahaulika. Kwa rauta nyingi za Cisco unatuma ishara ya Break ikiwa inawaka, unaweka 0x2142 ili iruke mipangilio iliyohifadhiwa, unaingia, unairejesha ile mipangilio, unaweka nywila mpya, halafu unarudisha 0x2102. Pesa ya rauta mpya inabaki kwa mfuko wa mteja.

Kuna mtu atauliza, je, mwizi naye akiwa na kebo? Swali poa. Huo ujanja wa 0x2142 unafanya kazi hata kama konsoli ina nywila. Kwa hivyo weka nywila, ndio, lakini pia acha kuninginiza rauta kwa korido ya ploti ambapo kila mtu anapita. Ifungie kwa kisanduku chenye kufuli. Anayeishika kwa mkono anaweza kuimiliki.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitakuhubiria cheti. Lakini kuna msee anadhani kuacha chuo ni kuacha kusoma, ati video mbili na koleo ya kebo zinatosha kuanza kutoza watu. Hapana, buda. Mteja hawezi kukagua kazi yako. Anaamini tu vile umemwambia. Ukimwambia kifaa kimekufa na hujakisikiliza kwa konsoli, umemuuzia kutojua kwako kwa bei ya rauta mpya.

Tafuta rauta kuukuu na kebo ya konsoli, ujifungie wikendi moja. Halafu ndio ujiite fundi.